Mvua kubwa: kituo cha watoto kifunguliwe au kifungwe?

Masika yakikolea Dar es Salaam, swali hili huja saa kumi na moja alfajiri, mvua inapiga bati na mzazi anawahi gari: leo mtoto aende dei kea au abaki nyumbani? Mwenye kituo naye yuko macho, hajui afungue au afunge. Kwa saa hiyo anayeamua ni haraka, pamoja na hofu ya kukatwa mshahara.

Uamuzi huu unaweza kufanywa jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa vigezo ambavyo mzazi na mlezi wameshakubaliana. Msimamo wangu ni kwamba hatari kubwa kwa mtoto anayelelewa mchana iko njiani, wakati wa kupelekwa na wakati wa kufuatwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kituo kina paa zuri, tuulize mtoto atapita wapi.

Njia kwanza

Aprili 12, 2024, Arusha, gari lililokuwa likiwapeleka watoto shule asubuhi lilisombwa na maji ya mvua na kutumbukia korongoni. Wanafunzi kadhaa walikufa. Baadaye mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule, zilizochochewa na El Niño, zilikuwa zimeua watu 155 nchini.

Madereva wengi hukadiria maji kwa macho, na macho hudanganya. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanaweza kuliinua na kulisukuma gari dogo, na sentimita 60 zinatosha kuyabeba magari mengi, Noah na gari za juu zikiwamo. Sababu ni kwamba gari likishaanza kuelea, matairi hayashiki tena ardhi, na usukani na breki havina kazi. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji hata kina hicho.

Kwa anayetembea, balaa ni kile asichokiona. Mitaa yetu mingi ina mitaro iliyo wazi, makaravati yaliyovunjika na mashimo ya vyoo yasiyo na mfuniko imara. Maji ya tope yakishafunika, barabara na mtaro huwa kitu kimoja. Mama aliyembeba mtoto mgongoni huku akipapasa kwa mguu hana namna ya kujua hatua inayofuata itatua wapi. Bodaboda nayo haifai: mtoto aliyekaa mbele ya dereva juu ya tangi, mvua ikiwachapa usoni wote wawili, hana ulinzi wowote pikipiki ikiteleza.

Kulisoma tangazo la TMA

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano, ikitumia ngazi tatu za onyo: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Chini ya kila onyo huwa kuna mambo mawili ambayo wengi huyaruka: uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari likitokea. Tangazo linaweza kusema uwezekano ni mdogo lakini athari ni kubwa. Kwa mwenye watoto ishirini chini ya paa lake, sehemu ya pili ndiyo ya kuitazama kwanza.

TMA inapozungumzia mvua kubwa ina maana ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba, yaani ndoo kubwa mbili na nusu. Paa la mita za mraba 100 peke yake humwaga uani lita 5,000. Lita hizo zote hutafuta bonde.

Ndiyo maana onyo la mkoa mzima lazima lisomwe kwa ramani ya mtaa wako. Mto Msimbazi hukusanya maji kutoka upande wa Kisarawe na Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na daraja la Salender. Mvua iliyonyesha huko juu usiku inaweza kuifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani asubuhi, hata kama Magomeni wameamka na jua. Mwenye kituo cha bondeni anayechungulia tu mbingu za kwake ameangalia pasipo jibu.

Kutokana na hayo napendekeza utaratibu huu. Tahadhari kubwa ikitolewa, kituo kifungwe, popote kilipo, na wazazi wajulishwe kabla ya saa mbili usiku. Ikiwa ni tahadhari ya rangi ya chungwa, kituo cha bondeni, cha kando ya mto au kinachofikiwa kwa kuvuka korongo kifungwe; cha mwinuko kinaweza kufunguliwa kwa watoto ambao njia yao haivuki maji. Likiwa ni angalizo, kazi iendelee, lakini mlezi na mzazi wakubaliane mapema nani atamfuata mtoto iwapo hali itageuka.

Suala la saa si dogo. Aprili 2024 Wizara ya Elimu ya Kenya iliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 6 kwa sababu ya mafuriko. Tangazo lilitoka saa chache kabla ya milango kufunguliwa, baadhi ya wanafunzi wakiwa wameshaanza safari. Hatimaye shule zilifunguliwa Mei 13. Kuahirisha kulikuwa sahihi. Kuchelewa kutangaza ndiko kulikowaweka watoto barabarani, mahali ambapo uamuzi wenyewe ulikusudia kuwatoa.

Kufunga nako kuna gharama

Wapo wanaodhani kwamba ukishafunga umemlinda mtoto. Inategemea anabaki wapi. Mama lishe, muuza mboga na fundi wa kutwa hawana mshahara wa siku ya mvua; wasipotoka, jioni hakuna chakula. Kituo kikifungwa ghafla, mtoto huachwa kwa dada yake wa miaka tisa, au hufungiwa ndani kwa kufuli katika chumba hicho hicho cha bondeni ambacho maji yatakifikia kwanza. Hapo kituo kilicho juu mlimani kingekuwa salama zaidi kuliko nyumbani.

Hata wenye ajira rasmi hawajapona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Mtoto mzima wa afya ambaye kituo chake kimezingirwa na maji hayumo humo. Mwajiri mwenye busara ataongeza kipengele hicho kwenye kanuni zake mwenyewe bila kusubiri kulazimishwa, hasa kwa kazi zinazoweza kufanyiwa nyumbani.

Kwa hiyo kila kituo kinachofunga kiwe na mbadala. Walezi wawili watatu wanaoishi mwinuko wanaweza kukubaliana kupokea watoto wachache wa jirani ambao wazazi wao hawana budi kutoka. Ada ya siku iliyofungwa nayo iamuliwe mapema, kwa maandishi. Mwenye kituo anayepoteza mapato yote kila anapofunga atashawishika kufungua siku asiyopaswa.

Tusiwasahau walezi wenyewe na mabinti wa kazi wanaokuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Mara nyingi wao ndio wanaoishi kwenye mabonde, kwa kuwa kodi huko ni nafuu. Kumwambia mama mwajiri kwamba mtoni hakupitiki kusimgharimu binti posho yake ya siku.

Mvua ikiwakuta watoto kituoni

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Saa nane mchana mbingu zinafunga, kituo kinapiga simu kwa wazazi wote: njooni mchukue watoto. Ndani ya nusu saa watu thelathini wako njiani, mvua ikiwa kwenye kilele chake. Kama jengo liko mwinuko na ni imara, kanuni iwe kinyume: mtoto aliyekwisha kufika salama abaki hapo hadi maji yapungue, hata kama ni saa mbili usiku.

Hilo linawezekana kwa kituo kilichojiandaa. Kiwe na unga wa uji na maji safi ya ziada, nguo kavu na khanga za kuwafunika watoto, tochi, simu yenye chaji, na orodha ya karatasi yenye jina la kila mtoto, namba mbili za wazazi na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. Maji yakianza kuingia ndani, umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla hayajafika kwenye soketi, na asiguse swichi hiyo mtu aliyesimama majini. Kukiwa na radi, watoto wasitolewe nje hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Jengo likiwa hatarini, wahamishwe mapema kwenda mahali pa juu palipokwisha kuchaguliwa, na Zimamoto wapigiwe kwa namba 114.

Kufungua tena

Jua likiwaka siku ya pili, wazazi hutaka kituo kifunguliwe. Maji ya mafuriko hupita chooni kabla ya kufika sebuleni, na kipindupindu na magonjwa ya kuhara hufuata njia hiyo. Kabla ya kupokea watoto, tope litolewe, sakafu na vitu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni kisha dawa ya klorini, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na choo kihakikiwe kuwa hakijatitia. Madimbwi ya uani yafukiwe, maana mbu wa malaria huzaliana humo katika siku zinazofuata. Mtoto anayeharisha abaki nyumbani, apewe ORS na zinki, na apelekwe zahanati.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na maafisa ustawi wa jamii ndio wanaovikagua. Ninawaomba maafisa hao, wanapokagua vyoo na madirisha, waulize pia mpango wa mvua uko wapi, nao uwe umebandikwa ukutani. Mzazi unayetafuta kituo msimu huu, uliza swali hilo hilo kabla ya kuuliza ada. Na asubuhi ukibaki na shaka, shika kipimo kimoja: kama mtu mzima haoni ardhi anayoikanyaga, mtoto asipitishwe hapo.