Lala Padova, Uizuru Venice

Mwalimu mwenzangu, ikiwa umedunduliza mshahara miaka na miaka ili uione Ulaya wakati wa kiangazi, usikimbilie kulala Venice. Mimi nilipoizuru Italia nilipanga chumba Padova, mji ulio mwendo wa nusu saa hivi kwa garimoshi, wala sikujuta.

Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1222. Humo Galileo alifundisha hisabati kwa miaka 18, tangu 1592 hadi 1610. Humo pia, mwaka 1678, Elena Cornaro Piscopia alitunukiwa shahada ya udaktari wa falsafa, naye ndiye anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Sanamu yake imesimama chini ya ngazi. Niliitazama kwa muda mrefu, nikiwawaza wasichana wa darasa langu.

Venice niliiendea jioni. Tangu mwaka 2024, mgeni asiyelala huko hutozwa kiingilio katika siku zilizoteuliwa za msongamano, lakini afikaye baada ya saa kumi alasiri halipi. (Senti ya mwalimu ina jasho!) Wenyeji wa mji ule wa kale sasa hawafiki 50,000, maana nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya watalii. Nami sikupenda kulala katika chumba alichohamishwa mwenyewe.