Apu ya Duka: Hesabu Inavyokwenda Kanduyi

Kanduyi, barabara ya Webuye inapokaribia mji wa Bungoma, kaunta moja ya agroveti inaweza kupokea wateja wa namna mbili: mwenye Android ya bei nafuu, kioo kimepasuka, na mwenye simu ya vibonye, ile mulika mwizi. Wa iPhone ni wa kuhesabu. Mwenye duka anayetaka apu ya kuuzia mbegu na mbolea aanze na hesabu hiyo.

Zamani kidogo, apu ya kufanya kazi kwenye Android na iPhone iliandikwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. React Native ya Facebook, iliyotoka 2015, na Flutter ya Google, iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2018, ziliwezesha msimbo mmoja kutumika kote. Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kibabii anaweza kuianza kazi hiyo kwa laptopu ya kawaida. Akigeukia iPhone, gharama zinapanda: Apple hutoza dola 99 kila mwaka kwa akaunti ya kuchapishia apu, na lazima apate kompyuta ya Mac, hata ya kukodi mtandaoni. Google hutoza dola 25 mara moja tu.

Kinachokula bajeti hasa ni malipo. Safaricom ilifungua mfumo wake wa Daraja mwaka 2017 ili waunda programu waunganishe apu zao na M-Pesa. Mteja anabonyeza kulipa, simu inamwomba namba ya siri, kisha M-Pesa inatuma jibu kwenye seva ya muuzaji. Jibu hilo likipotea njiani, pesa zimeshatoka na apu bado inadai hajalipa. Mkulima aliyefuata mbolea msimu wa kupanda hana subira ya kuelezwa habari za seva! Fundi anayejua kazi huufanya mfumo uulize tena hali ya muamala, na oda ibaki ndani ya simu hadi mtandao urudi. Siku ya kutia saini mkataba, hayo hayaonyeshwi. Huonyeshwa rangi na vitufe.

One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006, lilihamisha marejesho ya mikopo ya wakulima kutoka fedha taslimu hadi M-Pesa, na mkulima hakuhitaji simu janja kulipa. Mwenye duka wa Kanduyi au Kitale ana la kujifunza hapo.

Apu ikishatoka, gharama haziishi. Google hudai kila mwaka apu zilingane na matoleo mapya ya Android, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inambana yeyote anayekusanya majina na namba za wateja. Kwa duka la ukubwa huu, uamuzi wa busara ni kuandika kwa Flutter au React Native, kutoa ya Android peke yake kwanza, kuwaachia wa vibonye namba ya Till ya kulipia kwa M-Pesa, na kutenga fedha za matengenezo ya mwaka wa pili kabla ya kumlipa fundi shilingi ya kwanza.