Mtambo wa Mabomba Makuukuu

Hapa Elgon View, Eldoret, mtu akionekana nyuma ya nyumba yake na sufuria kubwa, moto wa kuni, na bomba la shaba nyekundu lililopindwa kama nyoka, jirani hana haja ya kumwuliza anapika nini. Jina liko tayari kinywani: chang'aa. Nami niliyafahamu hayo nilipoanza kazi yangu, lakini sikudhani kwamba habari ingefika mbali upesi hivyo. Mtu anayekula mshahara wa Serikali hapendi kutajwa pamoja na mtambo.

Nilichokuwa nikikitafuta ni mafuta ya majani ya mkaratusi, mti ambao wengi wetu huuita blugamu. Kukeneka ni kuchemsha kitu mpaka kitoe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo hata ugeuke kuwa maji tena. Mafuta ya mkaratusi yenyewe huchemka kwenye joto la digrii 176 hivi, lakini yakipitiwa na mvuke wa maji huchukuliwa nao pasipo kufikia joto hilo. Na katika mji wetu, ulio kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yapata digrii 93 tu. Kule Pemba kazi ya namna hii hufanywa kwa mitambo mikubwa, ambako makonyo ya karafuu, ambayo mkulima angeyatupa, hutolewa mafuta na kuuzwa ng'ambo.

Shaba yangu haikununuliwa. Bafu la nyumba lilipotengenezwa upya, fundi alitoa mabomba ya zamani ya maji ya moto, mengine ya milimita 22 na mengine ya milimita 15, pamoja na viungio vyake. Nikamzuia asiyauze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Bomba nene likawa njia ya mvuke kutoka kwenye kifuniko, na lile jembamba, urefu wa mita tatu, likawa la kupozea. Kulipinda bomba lisibonyee si jambo gumu: hulainishwa kwanza kwa moto, likapoa, likajazwa mchanga mkavu na kuzibwa ncha zote mbili, kisha likazungushwa polepole kwenye gogo. Halafu mchanga humwagwa na bomba huoshwa mpaka maji yatoke safi.

Kosa langu lilikuwa katika viungio. Mabomba ya zamani mara nyingi yameunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na risasi haina harufu wala haibadili ladha ya kitu kwa namna ya kumwonya mtu. Mimi niliviona viungio vizima, vinang'aa, nikavitumia jinsi vilivyo. Aliyenikataza ni fundi wa mafriji, ambaye nilimwita kwa shughuli nyingine kabisa. Akaniuliza, "Bwana, kitu hiki utakitia kifuani mwa mtoto?" Sikuwa na la kumjibu. Tukakata bomba inchi mbili kila upande wa kila kiungio cha zamani, tukavitupa vipande hivyo, naye akaunganisha upya kwa fito za shaba na fosforasi, zile anazotumia katika kazi yake, ambazo hazina risasi. Kule Marekani watu waliopika pombe ya siri kwa kutumia rejeta kuukuu za magari walipata sumu ya risasi kwa sababu hiyo hiyo. Rejeta hizo ziliungwa kwa lehemu ya risasi kila mahali. Risasi hukaa mifupani miaka mingi, na kwa watoto huharibu ubongo.

Mengine yalikuwa mepesi. Kifuniko tulikiziba kwa unga wa ngano uliokandwa, ambao mvuke ukizidi nguvu utapasuka wenyewe kabla ya sufuria kupasuka. Koki haikuwekwa popote kati ya sufuria na mdomo wa bomba, maana mvuke uliofungiwa ni kama baruti. Maji baridi ya ndoo huingia chini na kutokea juu. Chombo cha kupokelea ni cha kioo, kwa kuwa mafuta haya hula plastiki za namna nyingi. Mara mbili za kwanza tulichemsha maji matupu, tukayamwaga.

Siku ya tatu, majani yakiwa motoni, mzee wa mtaa akabisha hodi.

"Bwana Karani, nimeambiwa hapa kuna mtambo."

"Ni kweli, Mzee. Karibu uutazame."

Hakuwa na kosa kuja. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku hiyo, lakini hakuna ruhusa ya kutengeneza kileo chochote cha kuuza pasipo leseni. Mzee aliikumbuka Novemba ya mwaka 2000, wakati watu zaidi ya mia moja walipokufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Wengi hudhani sumu ile hutoka katika mtambo mchafu. Nafaka iliyochacha hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya namna ile huletwa na mtu anayemimina methanoli ya viwandani katika pombe ili iwe kali.

Mzee alikaa juu ya kiti mpaka matone yalipoanza kuanguka. Maji yalikaa chini katika chupa, na juu yake utando mwembamba wa mafuta, usiojaa hata kijiko. Ndipo nilipotambua kwamba miti ya ua wangu ni ya aina ya mbao na nguzo, ambayo mafuta yake ni haba. Blugamu ya kweli yenye mafuta mengi hujulikana kwa majani machanga yenye rangi ya kijivu-buluu na kijiti chenye pembe nne.

Nikampa kile kidogo kilichopatikana, nikamwambia wazi kwamba hakinywewi, kwa kuwa ni sumu, na kiwekwe mbali na wajukuu. Akanusa, akakohoa, akakifunga kichupa katika leso. Kisha akaniuliza kama miti iliyo mpakani mwa shamba lake ingefaa. Nilimwomba aniletee tawi changa, tulitazame pamoja.