Sava ya nyumbani na uniti 75 za LUKU

Tangu nigusie juu juu kwamba nyumbani kwetu Mbagala kuna kompyuta inayohudumia familia nzima bila bando, maswali yanayonijia ni mawili tu. La kwanza, hiyo sava inafanya nini hasa? La pili, na hili ndilo lenye uzito, umeme analipa nani? La kwanza nitalijibu haraka haraka. La pili ndilo nataka tukae nalo, maana vijana wengi tunaocheza na kompyuta majumbani tunapiga hesabu za RAM na diski, lakini hesabu ya LUKU tunamwachia mama.

Neno sava linatisha bure. Ni kompyuta ya kawaida ambayo hakuna mtu anakaa mbele yake, inakaa pembeni inasubiri simu au kompyuta nyingine ziiombe kitu. Yangu ni Dell OptiPlex ya mtumba, Core 2 Duo, RAM GB 4, nimeinunua Kariakoo bila kioo wala kibodi. Core 2 Duo zilianza kutoka mwaka 2006, kwa hiyo kwa umri wa kompyuta huyo ni bibi kabisa, ila ni mashine ya biti 64. Hilo uliangalie kabla hujatoa hela yako. Pentium 4 nyingi za zamani ni za biti 32, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena faili la kuinstoli kwenye mashine hizo. Muuzaji atakuambia "hii inapiga kazi tu". Itapiga kweli, lakini kwa programu za zamani.

Ndani yake nimeweka Debian, ambayo ni ya bure. Faili la kuinstoli nililishusha kafe. Ushauri wangu: chukua lile la DVD ya kwanza, lina karibu GB 4, achana na lile dogo. Dogo linataka intaneti wakati wa kuinstoli, na nyumbani intaneti ndiyo hiyo hatuna. Safari hiyo hiyo ya kafe nikashusha na Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007, kazi yake ni kukusomesha Wikipedia bila mtandao. Wikipedia ya Kiswahili nzima inaingia kwenye fleshi ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, ukichukua isiyo na picha inapungua karibu nusu. Sasa hapa kuna kitu kitakusumbua usipokijua: fleshi nyingi zinakuja na mpangilio wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata kama fleshi ni ya GB 128 na iko tupu. Faili litakataa kuingia na utagombana na jamaa wa kafe bure. Ifomati kwa exFAT kwanza, ndipo ukae kwenye kiti uanze kulipia muda.

Kitu kingine watu wanachanganya ni waifai na intaneti. Rauta haihitaji bando ili kuunganisha vifaa vya humo humo ndani. Nimechukua rauta ya zamani, nimeunganisha sava kwa waya, simu zote za nyumbani zinaingia kwenye waifai yake. Mdogo wangu wa kidato cha tatu anaandika 192.168.1.10 kwenye simu, anapata Wikipedia, anasoma kuhusu mmeng'enyo wa chakula mpaka achoke, na hakuna hata KB moja iliyokatwa. Humo humo kuna picha za familia, sauti ya bibi akituhadithia hadithi zake, na daftari la mauzo ya barafu za mama. Mama anauza barafu za ubuyu na ukwaju, friji ndiyo ofisi yake. Mkumbuke hilo friji, linarudi sasa hivi.

Haya, twende kwenye umeme.

Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, kundi linaloitwa D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, na hapo hujaweka kodi. Yaani uniti ya 75 ni shilingi 100, ya 76 ni mara tatu na nusu yake. Ukiwa unavuka kila mwezi unaweza kuhamishwa kabisa kwenye kundi la T1, ambako uniti ya kwanza tu ilipangiwa shilingi 292. Kwa hiyo kwa nyumba kama yetu swali haliishii kwenye kompyuta inakula kiasi gani. Unauliza pia, ikila, je, nyumba itabaki ndani ya zile 75?

Kujua inakula kiasi gani hakuhitaji kununua kipimo. Kipimo kiko ukutani. Angalia uso wa mita yako, kuna taa ndogo inayowaka na kuzima, na karibu yake kuna maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikiwaka mara 1000, uniti moja imekwenda. Basi zima kila kitu nyumbani, acha kompyuta peke yake, kaa na saa uhesabu kwa nusu saa. Mimi na mdogo wangu tulipata mara 35. Nusu saa mara 35, saa nzima mara 70, na kwa mita ya 1000 hiyo ni wati 70 kamili. Mita yako ikiwa imeandikwa namba nyingine, mfano 1600, zidisha jibu kwa 1000 halafu gawanya kwa 1600. Majirani watakuona umekodolea mita macho watadhani unataka kuichezea, waeleze mapema.

Hesabu sasa. Wati 70 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 50 na kidogo. Friji la mama tulilipima kwa kusoma namba za mita, linakula kama uniti 1.1 kwa siku, yaani 33 kwa mwezi. Taa, TV, pasi na chaji za simu ni kama 15. Jumla bila kompyuta ni 48, sawa na shilingi 4,800. Ukiwasha kompyuta mwezi mzima unafika 98. Uniti 75 za kwanza ni 7,500, zile 23 za juu ni 8,050, jumla 15,550. Kompyuta peke yake imeongeza shilingi 10,750! Barafu ya mama ni shilingi 100. Hizo ni barafu 107 na ushee, na hapo hujatoa sukari, ubuyu na mifuko.

Hesabu hii niliiandika kwenye karatasi kabla sava haijalala hata usiku mmoja ikiwaka, nikampelekea mama. Akaisoma, akauliza: "Kwa hiyo hicho chuma chako kisichogandisha hata maji kinakula kuliko friji langu?"

Nikamwambia ndiyo mama, kikiwaka siku nzima.

Alishangaa, na wengi wanashangaa, kwa sababu friji ni kubwa na linanguruma. Lakini friji linawaka na kupumzika. Likishapoa, mota inazima yenyewe mpaka joto lipande tena. Kompyuta ya mezani ya zamani haina adabu hiyo. Hata kama hakuna anayeiuliza kitu, feni inazunguka, diski inazunguka, pawa saplai inabadilisha umeme wa volti 230 kuwa volti 12 na 5, na sehemu ya umeme inapotea njiani kama joto. Weka mkono nyuma ya kasha usikie hewa inayotoka. Hiyo hewa ya moto umeinunua wewe, Dar es Salaam, mwezi wa pili!

Tukakaa, tukapanga. Sava iwake saa 10 jioni mdogo wangu akitoka shule, izime saa 4 usiku. Saa 6 kwa siku ni uniti 12.6 kwa mwezi. Nyumba inafika 60.6, tuko ndani ya 75, na kompyuta inagharimu shilingi 1,260, barafu 13 basi. Zile uniti 14 zilizobaki mama amesema ni zake na zisiguswe, kuna siku za joto friji linafanya kazi zaidi na kuna wiki za kupiga pasi sana.

Kuizima yenyewe ni mstari mmoja kwenye ratiba ya mashine, inayoitwa cron. Ingia kama mkuu wa mfumo, andika crontab -e, halafu mstari huu:

0 22 * * * /sbin/shutdown -h now

Angalia hapo, nimeandika 22. Kompyuta haijui saa za Kiswahili. Ukiiandikia saa 4 itazima saa 10 alfajiri, na wewe utakuwa unashangaa kwa nini inakesha. Kuiwasha ni kazi ya BIOS, ingia humo kabla Debian haijaanza, tafuta Auto Power On, weka kila siku 16:00. Mashine ya mtumba mara nyingi betri yake ya saa imekufa, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Ikifa, ukichomoa waya wa umeme saa inapotea, na ratiba yako inakwenda na maji. Ibadilishe mwanzoni kabisa.

Hii ratiba imenigusa na mimi mwenyewe, kwa kweli. Mimi ni mtu wa usiku. Tangu nimalize shule kazi zangu ndogo ndogo, kuchapa CV za watu, kurekebisha tovuti ya huyu na yule, nimezoea kuzifanya watu wakilala. Sasa saa 4 feni inanyamaza. Mdogo wangu wa kiume tunayelala naye chumba kimoja amefurahi kuliko wote, alikuwa analala na mto juu ya kichwa tangu siku za kuinstoli. Mimi nimeanza kuandika kwenye daftari amri nitakazojaribu kesho yake jioni, na nimegundua nusu yake zinapata jibu kwenye karatasi kabla sijagusa kibodi. Chai ya rangi ninakunywa barazani, hiyo ni amri nyingine ya mama, na hatujaiandika kwenye cron.

Umeme kukatika ni suala la aina yake. Debian kwa kawaida inatumia mpangilio wa ext4, ambao unaandika kwanza kwenye kumbukumbu ya pembeni kile unachotaka kubadilisha. Umeme ukikatika katikati, ukirudi unasoma kumbukumbu hiyo na mpangilio wa mafaili unarudi sawa. Lakini lile faili ulilokuwa unaliandika dakika hiyo linaweza kupotea, na diski yenyewe ikifa hakuna ext4 itakayokusaidia. Kwa hiyo kila Jumapili nakopi picha, sauti ya bibi na daftari la barafu kwenye diski ya nje, naichomoa, inakwenda kabatini kwa mama chini ya vitenge. Diski iliyochomekwa muda wote siiiti akiba, radi moja inakula zote mbili. Na kwenye BIOS nimechagua umeme ukirudi mashine ibaki imezima, maana umeme wakati mwingine unarudi na kukatika tena mara mbili tatu ndani ya dakika moja.

Juzi baba mdogo kaniletea laptopu yake iliyopasuka kioo. Kwa sava kioo si kitu. Niliondoa betri tusije tukahesabu na umeme wa kuichaji, tukarudi kwenye mita na mdogo wangu: mara 10 kwa nusu saa. Wati 20! Ikiwaka saa 24 mwezi mzima ni uniti 14.4, karibu sawa na ile Dell ikiwaka saa 6 tu, na betri yake ikirudishwa umeme ukikatika haizimi hapo hapo. Kuna wanaosema ninunue Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha Uingereza kilichoanza kuuzwa mwaka 2012. Kwa umeme kinashinda wote, ni wati chache tu. Ila Raspberry Pi ninunue, na laptopu ya kupasuka nimepewa. Mwisho wa mwezi huu nahamisha diski.

Sasa kuna wadau mnaoishi nyumba za kupanga, familia tatu nne kwenye LUKU moja. Nyie hesabu yangu ya uniti 75 haiwafai, nyumba ya hivyo inavuka mapema sana na kila uniti ya kompyuta yako inaangukia kwenye bei ya juu. Mnachangia sawa sawa, halafu chumba kimoja kina mashine inayowaka usiku kucha, hapo ugomvi uko njiani. Njia ya kuhesabu taa ya mita bado inafanya kazi, ila lazima mkubaliane wote kuzima kwa nusu saa. Kuna mtu hapa amewahi kuwashawishi wapangaji wenzake? Alitumia maneno gani? Nataka kujua, maana rafiki yangu wa Temeke ana Pentium 4, ana mwenye nyumba mkali, na ananisubiri nimpe jibu.

Naomba kuwasilisha.