Wazee Hawakutaka Hotuba

Tulipowakusanya wazee wetu waliostaafu katika shamba la chai hapa Uganda, tulichagua tarehe 1 Oktoba, inayoadhimishwa kuwa Siku ya Wazee Duniani tangu 1991. Tuliwapa hotuba tatu na soda. Mkutano wa pili walikuja wanne. Kosa lilikuwa letu: hatukuwauliza wanataka nini.

Walitaka mweso. Mabao ni mawili tu, kila moja mashimo 32 na kete 64, lakini watazamaji hubishana kuwapita wachezaji! Hapo ndipo tulipopata habari kwamba nyapara mmoja wa zamani hajalipwa akiba yake ya uzeeni, kwa kuwa jina lake liliandikwa vibaya. Sasa tunamfuatia. Kwenye hotuba zetu alinyamaza.

Tunakutana asubuhi, kabla ya jua kali, mahali penye kivuli na choo karibu. Asiyesikia vizuri huketi mbele. Akina mama husuka vikapu, na wachumaji vijana huja kujifunza kwao.

Wamebaki wasioweza kutembea. Jumamosi tunaanza kuwatembelea, kambi ya kiwandani kwanza. Mwenye baiskeli aje nayo.