Tandu ana miguu mingapi? Si mia, na kuhesabu kunaweza kumsaidia mwanao

MVUA za masika zinapoloanisha mashamba ya Kinole, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, jongoo huzagaa kila mahali. Watoto huwaokota chini ya migomba, wakiwagusa ili wajikunje. Shida ni kwamba chini ya majani hayo hayo huishi tandu, na huyo si wa kuokotwa.

Kwa mtoto mdogo, wote wawili ni wadudu wenye miguu mingi. Mfundishe kutazama miguu hiyo. Tandu ana jozi moja tu kwenye kila pingili ya mwili. Jongoo ana jozi mbili kwenye pingili nyingi. Tandu ni bapa, miguu imetokeza pembeni, na ana mbio. Jongoo ni wa mviringo, miguu imejificha chini ya tumbo, na hana haraka.

Je, tandu ana miguu mia, kama jina lake la Kiingereza linavyodai? Hana. Kutegemea aina, ana jozi 15 hadi 191, yaani miguu 30 hadi 382, na idadi ya jozi huwa namba witiri. Miguu 100 ingehitaji jozi 50, ambayo ni shufwa. Mwanao wa shule ya msingi atakuelewesha hapo. Tandu wakubwa wa nchi za joto, ambao ndio wenye kung'ata vibaya, wengi wana jozi 21, sawa na miguu 42. Waarabu humwita mama wa arobaini na nne, na hawako mbali: ukijumlisha makucha yake mawili ya sumu, unapata 44.

Makucha hayo yako chini ya kichwa, na asili yake ni miguu iliyogeuka kuwa silaha. Ile miguu mirefu ya nyuma, ambayo wengi huiogopa, haina sumu.

Mtoto aking'atwa atalia sana, maana maumivu ni makali na sehemu huvimba. Osha kwa maji na sabuni. Kisha loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, ukiyapima kwanza kwa mkono wako ili usimuunguze. Paracetamol, kwa kipimo cha umri wake, husaidia, aspirini asipewe. Usimchanje, usinyonye jeraha, wala usipake mafuta ya taa. Vifo ni nadra mno, lakini akipumua kwa shida, akivimba uso au midomo, akitapika, au kama ni mtoto mchanga, mwahishe zahanati.

Jongoo hang'ati. Hata hivyo hutoa majimaji yanayoacha doa na kuwasha ngozi. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi kwa angalau dakika 15, kisha mpeleke mtoto akaangaliwe na daktari.

Nyumbani, kung'uta viatu na mkeka kabla ya kutumia, chomeka neti vizuri, na usilundike kuni ukutani. Mtoto asitie mkono chini ya gogo au jiwe: huenda tandu jike amejikunja hapo akilinda mayai yake.

Na akikuletea tandu aliyekufa mwenye miguu 39, hajakosea kuhesabu. Tandu hupoteza miguu, na huota mingine anapojivua ngozi.