Kazino mu muji wa wachimbaji: ni feza ya nani itaenda mezani?

Jumamosi ya kwanza kisha mushahara, pita ku nganda yoyote karibu na cité ya wafanyakazi, utasikia mabishano. Kijana mumoja anasema: «Balete kazino hapa kwetu! Tutapata kazi, muji itachangamuka.» Muzee mwenye kukaa pembeni anamujibu: «Mwanangu, kazino haikuye kukupa, inakuya kukamata.» Na mama mwenye kuuzisha samaki ku mulango anatia neno lake: «Na minerval ya batoto, nani atalipa?»

Wasomaji wapenzi, sisi tunaona kama wote watatu wako na sehemu ya ukweli. Hatusemi kama kuna kazino yenye iko njiani. Lakini miji ya migodi inajua jambo moja: feza ikirudia, wenye kuifuata hawachelewe. Angalieni Kipushi. Mugodi wake ulisimama mu 1993, na ni mu 2024 tu ulianza tena kutosha zinki. Miaka 31! Kuna watoto walizaliwa, wakakomaa, wakaoa, bila kuona minerai ikitoka. Leo mushahara umerudia mu nyumba zingine. Ni heri kuwaza sasa, mbele mutu hajagonga mulango na karatasi za kutia sahihi.

Tuanze na hesabu, juu hesabu haipendelee mutu. Ku meza ya ruleti ya namna ya Ulaya, gurudumu iko na namba 37, kutoka sifuri mpaka 36. Weka 1 000 franga ku namba moja. Kipira kikianguka pale, wanakupa 35 000 na wanakurudishia 1 000 yako. Wengi wakisikia 35 000, hawaulize tena kitu.

Sasa tuweke watu 37 ku meza ile, kila mumoja na 1 000 yake ku namba yake, kusudi namba isibakie bure. Mezani kuna 37 000. Mushindi anaondoka na 36 000. Franga 1 000 inabakia kwa mwenye kazino. Hakuiba, hakudanganya mutu. Lakini gurudumu itazunguka tena, na tena, usiku muzima. Kisha mizunguko 37, amekamata 37 000: ni sawasawa na feza yote yenye ilikuwa mezani pale mwanzo. Njo maana mwenye kazino hana lazima ya kuomba bahati. Bahati ni ya wateja. Yeye iko na hesabu.

Mutu wa mugodi atasema: «Hata siye tunaishi na bahati.» Ni kweli. Mwenye kuchimba kwa mikono anaweza kushuka juma mbili bila kupata kitu, na siku ya kumi na tano akakuta jiwe zuri. Lakini mu shimo, mwenye macho anajua rangi ya udongo, na kazi ya jana inamusaidia leo. Ku ruleti hakuna udongo wa kusoma. Gurudumu haikumbuke kama umepoteza mara kumi.

Basi, kama kazino itapata faida, hilo si swali. Swali ni hili: wale watu 37 watatoka wapi?

Kuna muji mudogo wa wachimbaji wenye ulijibia swali hilo mbele yetu. Ni Central City, mu milima ya Colorado, ku Marekani. Ulizaliwa na zahabu yenye ilipatikana pale mu 1859. Zahabu ilipopunguka, watu waliondoka, mpaka wakabakia mia chache tu. Mu 1990 raia wa Colorado walipiga kura na kukubali kazino mu miji mitatu ya zamani ya zahabu: Central City, Black Hawk na Cripple Creek. Zilifunguliwa mu Oktoba 1991, na masharti makali: hakuna mutu wa kuweka zaidi ya dola 5 kwa mara moja, na sehemu ya kodi iende ku mufuko wa kutengeneza majengo ya zamani.

Kazi ilipatikana, hatuwezi kukatala. Nyumba zenye zilikuwa zinaanguka zilitengenezwa. Lakini bei ya majengo ilipanda, na maduka ya kila siku yakaachia kazino nafasi. Kisha ikaonekana jambo ambalo wengi hawakulifikiria. Mwenye kutoka Denver, ule muji mukubwa wenye kuleta wateja, anafika Black Hawk mbele ya Central City. Wageni wakasimama pale kwa jirani, na kazino nyingi za Central City zikafungwa. Mu 2004 muji ukafungua barabara yake, karibu kilometa 13, kusudi wageni wafike bila kupitia Black Hawk. Muji ulitaka kazino iulishe. Ukajikuta unaitafutia kazino wateja.

Na yale masharti? Dola 5 ikawa dola 100 mu 2009. Tangu 2021, kila muji kati ya ile mitatu unaweza kuondoa mupaka kabisa. Sharti lenye lilikuwa kama ukuta lilishuka kidogo kidogo, na kila mara ni kwa kura.

Mutatuambia: «Kipushi nayo iko na Lubumbashi, kilometa 30 tu. Wageni watakuja.» Ndiyo, wengine watakuja Jumamosi. Lakini mufanyakazi wa Kipushi atapita mbele ya mulango ule kila siku, akitoka ku zamu, na simu yenye feza mu mufuko. Na tayari tunaona parifoot inavyokula vijana wetu, ijapokuwa pale mutu anaweza kuweka franga kidogo tu.

Wenye kujua kazi hii zaidi yetu wanafanyaje? Monaco ni inchi ndogo yenye jina lake linajulikana kwa ajili ya kazino ya Monte-Carlo. Wageni wanacheza, raia wa Monaco wenyewe wanakatazwa. Ku Singapore, mugeni anaingia bure, lakini mwenyeji analipa dola 150 za kule ku mulango, mbele hajaona hata meza. Ku Ubelgiji, mwenye hajafikisha miaka 21 haingie mu kazino. Na mutu anaweza kuomba mwenyewe azuiwe. Hata jamaa yake inaweza kuomba kwa ajili yake. Tuangalie vizuri: wanapokea feza ya kazino, lakini wanaweka ukuta kati ya kazino na watu wao.

Sisi wa hapa hatuna lazima ya kwenda mbali kwa kujua feza inavyotoroka. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walipokea feza ya «départ volontaire». Kila jamaa ya Likasi, ya Kolwezi na ya Kipushi iko na habari yake. Mumoja alinunua gari, mwengine alifungua duka, na mu nyumba nyingi feza ya miaka mingi ya jasho ikaisha mbio. Hawakuwa wajinga. Feza nyingi ikiingia mara moja, inaleta na washauri wengi. Muwaze kama siku zile kungekuwa meza ya ruleti ku kona ya avenue.

Basi sisi tunasema nini? Hatusemi kama kazino ni shetani. Tunasema mulango ubakie wa kufungwa mpaka kuwe majibu ya kuandikwa, yenye kubandikwa ku komine kusudi kila mutu asome. Nani atakatazwa kuingia, na muke ataandikisha wapi jina la bwana wake? Itajengwa mbali gani na masomo na cité? Mule ndani watakopesha watu feza, ndiyo ao hapana? Ni kiasi gani cha kodi kitabakia hapa kwa maji na barabara, na nani atakihesabu mbele ya watu? Na watoto wetu watapewa kazi gani: ya mezani ao ya kufagia?

Kama mwenye kazino anaweza kujibu yote hayo, tukae chini tuzungumuze. Kama jibu lake ni «kazi itakuja» peke, tumuulize tu kama wateja wake ni wageni ao ni sisi. Akisema ni sisi, kazi ile tutakuwa tunajilipa wenyewe, na yeye anakamata 1 000 yake kila mara gurudumu inazunguka.

Yule mama wa samaki hakufanya hesabu ya ruleti. Yeye anajua hesabu ingine: masomo yanafunguliwa mu Septemba, na mutoto mwenye hajalipa minerval anafukuzwa. Siku wataita watu ku komine kwa kuuliza kama tunataka kazino, tusiache wanaume peke waende. Aende na yeye, na aulize wa kwanza.